Kioo cha Mlango wa Sakristia

Mlango huu niliuchonga mimi, Ndahani mwana wa Masima,
mwaka ule mvua ilipotukataa
na uwele ukakauka ukiwa kimo cha goti.
Mninga mtupu, unene wa vidole viwili,
bawaba tatu kutoka Dodoma mjini.
Mwenyekiti wa kigango aliupiga kwa kiganja, akacheka:
"Huu hautoi hata kikohozi."
Nikaona fahari.
Sifa ile nimeila miaka kumi na mmoja.

Leo nimerudi na msumeno, patasi,
na vioo viwili vilivyosafiri vimeviringishwa kanga.
Halmashauri imeandika, muhuri juu:
chumba chochote anamoingia mtoto na mtu mzima
kionekane ndani kutoka nje.
Nikauliza, kimo cha macho ni cha macho ya nani?
Paskalina, anayewafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza,
akapiga magoti sakafuni awe kipimo changu:
"Toboa na hapa chini.
Nao wapate kuona nje."

Unga wa mninga unamwagikia viatu vyangu.
Unanukia vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sosteni, mtoto wa kaka yangu, alibeba chetezo hapa.
Mkono mtulivu, moshi ukimfuata kama mbwa wa nyumbani.
Jumapili moja akasema tumbo.
Jumapili ya pili, tumbo.
Mama yake akamchemshia mizizi,
shangazi akasema uvivu,
nami baba yake mdogo nikamtania: padri mstaafu!
Alicheka.
Nakumbuka, alicheka kwa meno tu.

Mwalimu wa kwaya alikuwa na ufunguo.
Alikuwa na sauti, na pikipiki,
na peremende kwenye mfuko wa shati.

Aliyetangulia kusema ni Yudita asiyesikia,
mfagia kanisa, tuliyezoea kumpita kama benchi.
Mkono mmoja ulishika ufunguo wa hewani, ukauzungusha.
Mwingine ukaziba mdomo.
Kisha akapima urefu wa mtoto, hapa, kifuani kwake.
Hakuna ambaye hakuelewa.
Tulisema tunasubiri mkalimani.
Tulimsubiri miezi minane.

Funika kombe, walinong'ona wakubwa, mwanaharamu apite.
Kombe tulikuwa nalo. Kifuniko nilikichonga mimi.
Na mwanaharamu hakupita:
alikaa, akatupangia nyimbo za Pasaka.

Mama yake Sosteni alitembea peke yake hadi barabara ya lami,
akapanda gari la zabibu, akaketi kwenye dawati la polisi
na vumbi lake, na kitambulisho chake cha kura,
akasema jina zima. Hakunong'ona.
Padri mgeni aliposimama altareni
hakuanza na tumwombee aliyeanguka.
Alisema: "Watoto walisema kweli. Sisi tulichelewa."
Wanaume tukatazama vidole vya miguu yetu
kana kwamba vimeota jana.

Sosteni sasa ana ndevu chache.
Hupogoa mizabibu ya watu, kanisani haji,
na hakuna anayetumwa kumsukuma.
Jana nilimfuata shambani, nikamwambia:
ule mlango naukata.
Akakata tawi. Akakata jingine.
"Vipande utavipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina.
Viko hapa, miraba miwili, vizito kama tofali.
Nivifanye kuni? Mninga hauchomwi ovyo.
Kigoda? Nani atakalia?

Vioo vimekaa. Nimepiga msumari wa mwisho
polepole, visije vikapasuka.
Yudita amekuja na kitambaa.
Havikuwa na uchafu.
Amevifuta hivyo hivyo, nje,
kisha akazunguka, akafuta ndani,
akainama kwenye kile cha chini
akanitazama.